Barakoa za Wageni

Sehemu ya Saba

Ndugu msomaji, kama gazeti la wiki jana lilikupita, kaa hapa nikupe kwa ufupi. Gatwiri wa Ruiri ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kumi na wawili. Wanachukua pembe za ng'ombe zinazotupwa vichinjioni, na shaba ya kufuli mbovu na mifereji ya maji iliyokufa, wanatengeneza herini na bangili zinazovaliwa na wanawake wa ng'ambo wasiotaka urembo uliomdhulumu kiumbe yeyote.

Fundi wao wa grenda, mashine ya kusagia pembe, ni Joyline. Joyline ni rafiki wa Gatwiri tangu darasa la kwanza, na ni dada wa Mwiti, mume wa Gatwiri. Wifi na shoga katika mtu mmoja.

Tulipoachana, Joyline alikuwa ameanguka kando ya mashine, midomo imegeuka ya bluu.

Walimfikisha Meru mjini Jumatatu saa tano asubuhi. Daktari aliyewapokea alikuwa kijana mwenye macho ya mtu ambaye hajalala siku mbili. Alisikiliza kifua cha Joyline mbele na nyuma, akatazama eksirei, akakunja uso.

"TB hakuna. Tumepima," alisema. "Mama anafanya kazi gani?"

Joyline alitaka kujibu, kikohozi kikamkamata. Gatwiri akajibu kwa niaba yake.

"Tunatengeneza mapambo ya pembe za ng'ombe."

"Kuna vumbi?"

"Kidogo."

"Na mkifanya hiyo kazi anavaa maski?"

Swali dogo tu. Neno moja lingetosha. Joyline alimtazama Gatwiri. Mwiti naye, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi, alimtazama.

"Anavaa," Gatwiri alisema. "Sisi wote tunavaa. Ni sharti la wanunuzi."

Daktari akaandika. Joyline akageuza uso akautazama ukuta.

Kwa nini alidanganya? Gatwiri amejiuliza hilo mara nyingi kuliko wewe utakavyojiuliza. Alhamisi ya wiki ileile mkaguzi wa wanunuzi alikuwa anakuja. Neno likiandikwa kwenye faili ya hospitali, aliwaza, halirudi kinywani. Basi akalimeza.

Sasa sikiliza habari ya hizo barakoa.

Miaka miwili nyuma, wanunuzi walituma sanduku. Ndani mlikuwa na barakoa kumi na mbili za mpira, zenye vichujio viwili pembeni kama mashavu ya chura. Kila moja imefungwa kwenye karatasi yake ya nailoni. Barua ilisema zivaliwe kila siku, kwa sababu vumbi la pembe likiingia kwenye pafu halitoki.

Gatwiri alizipenda mno. Alizipangusa ingawa hazikuwa na uchafu.

"Hizi tukizivaa kila siku zitaisha," aliwaambia wenzake. "Wageni wakija watukute na nini? Tuziweke za wageni."

Hakuna aliyeona ubaya. Ruiri nzima, nyumba gani haina vikombe vya wageni kabatini, na wenyewe wanakunywa chai kwa vile vilivyovunjika vishikio? Joyline peke yake ndiye aliyeuliza:

"Na sisi wenyeji tutavuta nini?"

Watu wakacheka. Hata yeye alicheka. Gatwiri akazifungia kabatini, ufunguo akauning'iniza shingoni.

Zilitoka siku za ukaguzi tu. Mkaguzi akiondoka, zinapanguswa, zinarudi kwenye nailoni zao. Siku nyingine zote akina mama walijifunga leso puani, na Joyline, ambaye grenda ilikuwa mbele ya uso wake kutwa nzima, alikuwa akitoka jioni na kope nyeupe kama mtu aliyetoka kusaga unga. Nywele zake zilinuka kama nywele zilizoungua. Ndiyo harufu ya pembe ikisagwa. Mwiti, ambaye ni mwalimu, hakuweza hata kuingia mle karakanani. Harufu ilimtapisha. Ndiyo maana hakujua.

Tuendelee.

Daktari, kwa kuwa aliambiwa maski zinavaliwa, aliyatafuta maradhi kwingine. Akasema ni nimonia. Joyline alidungwa sindano, akapata nafuu kidogo, na Jumanne jioni akaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge.

Jumatano asubuhi Gatwiri alifika karakanani akakuta mlango uko wazi. Ndani, Joyline ameinama, anafagia.

"Wewe! Si uliambiwa ulale?"

"Kesho kuna wageni," Joyline alisema. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. "Chini ya grenda hapajafagiliwa tangu Krismasi. Mtapata aibu."

"Wacha nifanye mimi."

"Wewe hujui vumbi limejificha wapi. Mimi najua."

Ufagio ulipopita chini ya mashine, wingu likapanda. Jeupe, laini, likasimama hewani lisitue. Joyline akakohoa mpaka akashika meza.

Mkono wa Gatwiri ulipanda shingoni ukashika ufunguo. Anakumbuka baridi yake mpaka leo. Kabati lilikuwa hatua nne kutoka pale aliposimama.

Kisha akawaza: zitachafuka kabla ya kesho.

Akafungua leso yake kiunoni, akamtupia wifi yake.

"Jifunge hiyo," akamwambia. "Ufagie polepole."

Joyline alijifunga. Alifagia chini ya grenda, chini ya meza, nyuma ya pipa la kuchemshia pembe. Saa kumi alasiri akamwambia Mama Kailemia, mwenzao aliyekuwa anaosha madirisha, kwamba anakwenda kukaa kivulini kidogo. Mama Kailemia alipomfuata na kikombe cha chai alimkuta amelala ubavu, mkono mmoja umeshika nyasi.

Wakamrudisha Meru kwa gari la jirani. Safari hii hawakumweka wodini moja kwa moja. Walimweka kwenye oksijeni.

Mhenga alisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alhamisi asubuhi mgeni alikuja.

Jina lake Idil, ndiye mkaguzi. Kwao ni Maua, baba yake husafirisha mifugo, na Kimeru anakizungumza kuliko vijana wengi wa Wameru wenyewe. Aliwakuta akina mama kumi na mmoja wamekaa mstari, barakoa usoni, sakafu inang'aa. Akawasalimu, akatembea, akaandika. Akagusa pipa. Akauliza pembe zinatoka kichinjio kipi, na shaba nani anayeikusanya, na kila mmoja anapumzika siku ngapi. Alijibiwa vizuri.

Kisha akatoka nje, akarudi na katoni.

"Nimewaletea kitu," alisema, anatabasamu. "Hii ndiyo kadi itakayofungwa kwa kila herini kuanzia mwezi huu."

Akatoa moja, akampa Gatwiri.

Kwenye kadi alikuwa Joyline. Ilikuwa picha ya ukaguzi wa mwaka jana. Barakoa imemfunika nusu ya uso, lakini macho yanacheka, na mkononi ameshika herini mbili zilizopinda kama ndizi changa. Chini paliandikwa kwa lugha mbili: *Haikuumiza mnyama. Haikuumiza mtu.*

Barakoa kumi na moja zikavuta pumzi pamoja, ukasikia vichujio.

"Yuko wapi yeye mwenyewe?" Idil aliuliza. "Nataka nimpe ya kwanza kwa mkono wangu."

Gatwiri alikuwa na jibu tayari. Walilipanga jana yake jioni, yeye na Mama Kailemia.

"Amekwenda Karurumo," alisema. "Kuna msiba huko."

"Msiba wa nani, anti?"

Wote waligeuka. Mlangoni alisimama Ntinyari, bintiye Joyline, aliyekuwa amepewa ruhusa chuoni kuja kumuuguza mama yake. Alikuwa ametumwa kuchukua shuka na kitambulisho. Kiatu kimoja hakikufungwa kamba.

"Msiba wa nani?" akarudia. "Mum hajakufa. Nimetoka kwake sasa hivi. Anko Mwiti yuko na yeye."

Idil akamtazama msichana, akamtazama Gatwiri. Tabasamu lilikuwa bado usoni pake, limesahauliwa huko.

"Mama yako ni mgonjwa?"

"Ni mapafu. Daktari anasema hajui ni nini. Dawa hazifanyi kazi."

Mama Kailemia alivua barakoa upesi. "Gatwiri, nyamaza," akanong'ona. "Tafadhali. Tuna watoto."

Na hapa, msomaji, ndipo Gatwiri alipovunjika. Hakuvunjika kwa sababu ya ushujaa. Uongo tu ulimwishia. Alikaa kwenye kiti cha grenda, kiti cha Joyline, akavua barakoa yake, akaiweka mapajani kama mtu aliyeshika mtoto wa mwingine.

Akasema yote. Sanduku, kabati, ufunguo. Leso. Jumatatu kwa daktari. Na Jumatano, hilo wingu jeupe, na hatua zile nne.

Alipomaliza, alingoja Idil afoke. Idil hakufoka. Alifunga faili yake.

"Haya mengine tutayazungumza siku nyingine," alisema. "Daktari anajua?"

"Hajui."

"Basi tunakaa hapa kufanya nini?"

Akabeba katoni ya kadi akairudisha garini, hakuacha hata moja. Ile iliyokuwa mkononi mwa Gatwiri akaichukua taratibu, akimfungua kidole kimoja kimoja.

Wakaingia garini kuelekea Meru. Ntinyari alikaa nyuma na anti huyu, mke wa mjomba wake, ambaye alimfundisha kusuka na kupika na kusema hapana kwa wanaume, na kati yao palikuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

Daktari alikuwa yuleyule. Alisikiliza amesimama. Mwiti alikuwa kando yake.

"Hakuvaa hata siku moja?" daktari aliuliza.

"Siku za wageni tu."

"Kwa miaka mingapi?"

"Grenda ni miaka sita. Barakoa tunazo miaka miwili."

Daktari alifumba macho kidogo, akaita nesi, akataja dawa nyingine kabisa na kiasi chake, akasema ianze sasa hivi. Kisha akamgeukia Gatwiri. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mama, ungeniambia Jumatatu."

"Angepona?"

"Sijui. Siwezi kukwambia ndiyo, na siwezi kukwambia la. Ningeanza mapema, na nisingemruhusu kurudi huko. Hilo tu ndilo ninalojua."

Akaenda. Wakabaki wawili, mke na mume, ukutani penye bango la kunawa mikono.

Mwiti ni mtu wa maneno machache. Miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kumpandishia mke wake sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha.

"Ulikuwa na maski kumi na mbili," alisema. "Mimi nilikuwa na dada mmoja."

"Baba Kendi, nisamehe."

"Nilikuwa nimesimama pale Jumatatu. Nilikusikia ukisema anavaa. Nikashukuru Mungu kwamba dadangu anafanya kazi na mtu anayemjali."

Akavaa kofia yake, akashuka ngazi.

Waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja. Zamu ya Gatwiri ilipofika alimkuta Joyline ameegemezwa mito mitatu, kifuniko cha oksijeni usoni, na nyuma yake macho yaleyale. Alikuwa amedhoofika kwa siku moja kama mtu aliyeugua mwaka.

Gatwiri alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nimemwambia daktari," alisema. "Nimemwambia Idil. Nimewaambia wote."

Joyline alisogeza kifuniko kando kwa vidole viwili.

"Nilijua utasema." Akapumua. "Nilikuwa nakungoja."

"Kwa nini hukusema wewe? Jumatatu ulinitazama tu. Kwa nini hukusema huyu ni mwongo?"

Mashine ilihesabu kitu chake pembeni.

"Mbele ya Mwiti?" Joyline alisema. "Ningevunja nyumba yako."

"Joyline, wewe ni mjinga."

"Ee." Akatabasamu kidogo. "Na wewe ulichelewa. Siku tatu tu. Ulichelewa siku tatu."

Gatwiri akaegemeza paji la uso kwenye shuka akalia mpaka shuka ikalowa. Alitaka kuambiwa amesamehewa. Alingoja. Mkono wa Joyline ulikuja ukakaa kichwani pake, mzito, wa moto, ukakaa hapo mpaka nesi alipomwambia muda umekwisha. Lakini neno lenyewe halikutoka, na Gatwiri hakuthubutu kuliomba.

Ijumaa dawa ile mpya ilionekana kusaidia. Ntinyari alipiga simu akasema mama amekunywa uji, vijiko vinne, na ameuliza kama mahindi yamepaliliwa. Akina mama waliokuwa wamekusanyika kwa Mama Kailemia walipiga vigelegele. Hata waliokuwa hawamsemeshi Gatwiri, kwa sababu Idil alikuwa ametuma ujumbe kwamba herini zote zimesimamishwa mpaka uchunguzi uishe, walimshika mkono siku hiyo.

Jumamosi saa mbili asubuhi Joyline alifariki. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Mwiti alikwenda kukaa kwa mama yake, boma la juu. Hakumfukuza Gatwiri, wala hakumwita. Watu walikuja kupanga mazishi kule juu, na Gatwiri akawasikia wakiimba jioni, akiwa mlangoni pake, mita mia mbili chini, na sufuria ya viazi alivyomenya bila kujua anamwandalia nani. Alituma viazi hivyo kwa mkono wa jirani. Sufuria ilirudi na viazi ndani yake.

Kutoka kwa mzee wa familia lilikuja neno: siku ya mazishi asisimame na waliofiwa. Akitaka kuja, akae nyuma na watu wa soko.

"Nitakaa nyuma," Gatwiri alijibu. "Nitakaa hata nje ya ua."

Jumanne asubuhi, siku mbili kabla ya mazishi, alisikia hodi. Alikuwa Ntinyari, macho yamevimba, mkoba wa nguo begani.

"Anti, jiandae."

"Tunakwenda wapi?"

"Mochari. Kumvalisha mum."

Gatwiri alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. "Mtoto wangu, hiyo ni kazi ya nyanya yako. Ni kazi ya watu wa kwenu."

"Mum alisema ni wewe." Sauti ya msichana haikutetemeka. Alikuwa ameshalia yake yote. "Ijumaa, baada ya uji. Alisema, nikienda, nivalishwe na Gatwiri, asiniguse mtu mwingine. Nikamwambia hutaenda popote. Akasema sawa, lakini usisahau."

"Hakusema kitu kingine?"

"Hakusema."

"Hakusema kwa nini?"

"Anti, sikumuuliza. Kama ni kusamehewa ama ni kuadhibiwa, mimi sijui." Akafuta pua kwa kiganja. "Mimi mwenyewe sijakusamehe. Nataka ujue hivyo. Lakini yale ni maneno ya mamangu ya mwisho yenye maana, na mimi nitayatimiza. Utakuja ama hutakuja?"

Gatwiri alivaa viatu.

Mochari ile iko nyuma ya hospitali, mlango wa chuma wa kijani, benchi moja nje. Kwenye benchi alikuwa ameketi Mwiti. Alikuwa ametangulia kutia sahihi fomu. Ndevu za siku nne zilikuwa zimemzeesha.

Alipomwona mke wake alisimama.

"Ntinyari," alisema, "tulikubaliana nini jana?"

"Nyinyi mlikubaliana, anko. Mimi nilinyamaza."

Msichana akashusha mkoba begani, akauweka mikononi mwa Gatwiri. Ndani ilionekana gauni ya zambarau, ile ya kwaya, na soksi nyeupe zilizokunjwa pamoja. Gatwiri aliukumbatia mkoba ule akasimama palepale, hakuthubutu kupiga hatua kwa sababu Mwiti alikuwa kati yake na mlango.

Mlango ukafunguka. Mhudumu mwenye glavu akachungulia nje.

"Watu wa marehemu Joyline. Anayevalisha ni nani?"

Mwiti alimtazama mke wake, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akamtazama usoni hasa, kama mtu anayesoma maandishi ya mkono asioujua. Halafu akasogea kando. Hatua moja tu. Njia ikawa wazi.

Gatwiri alipompita, bega kwa bega, alimsikia akisema kwa sauti ya chini, ya mwalimu aliyechoka:

"Ukimaliza hapa, unarudi kwetu, ama unaenda kwenu?"

Aligeuka kumtazama, atafute usoni pake kama huo ulikuwa mwaliko ama ni kufukuzwa. Mwiti alikuwa ameshainamisha kichwa.

"Mama, ingia," mhudumu akasema. "Baridi inatoka."

Akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake, na swali likabaki nje kwenye benchi na mumewe.